Jina kwa Mfano: Historia ya Kutaja Vitongoji vya Dar es Salaam na Swali Lake kwa Kanisa

Utangulizi

Kwa masimulizi ya Mwanzo sura ya 2, mwanadamu alipewa kazi ya kutaja kabla hajapewa mwenzi. Wanyama waliletwa mbele yake, naye akawapa majina (Mwa 2:19-20). Kutaja, basi, ni sehemu ya mamlaka ambayo Mungu alimkabidhi mwanadamu. Na kila mamlaka yaweza kutumiwa vema au vibaya. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza namna moja ya kutaja, nayo ni ile ya kukipa kitu jina na maana kwa kukifananisha na kitu kingine.

Hatutalichunguza jambo hili kwa nadharia tupu. Tutalitazama katika historia ya mji wa Dar es Salaam, hasa vitongoji vya Kinondoni na Temeke, ambako wahitimu wetu wengi hupangiwa kazi na ambako sehemu kubwa ya washarika wa mjini wanaishi. Tunadai mambo matatu. Kwanza, kufananisha hakuepukiki. Pasipo mfano hatuwezi kujua wala kufundisha. Pili, katika mji huu mfano uligeuzwa kuwa sheria, na watu wakapimwa kwa kufanana au kutokufanana na wengine, hata wakaja kujulikana kwa yale wanayopungukiwa. Tatu, urithi wetu wa Kilutheri una mafundisho yanayoweza kuyarekebisha majina hayo, endapo tutakubali kuyatumia nje ya chumba cha mitihani.

1. Lugha yetu na ufundi wa kufananisha

Kiswahili ni lugha yenye ufundi mkubwa wa kufananisha. Hakihitaji hata neno "kama". Kiambishi kifupi cha ki- chatosha: mtu hula kitoto, huvaa kiaskari, hutembea kizee. Tukisema hivyo hatudai kwamba mtu huyo ni mtoto, askari au mzee; twasema tu kwamba katika jambo moja amefanana nao. Kiambishi hicho hicho hutaja lugha na desturi, yaani Kizaramo, Kiarabu, Kizungu, kana kwamba lugha yenyewe ni namna ya kufanana na watu fulani.

Mahali nako hutajwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Tunaweka u- mwanzoni na -ni mwishoni, na watu wanageuka kuwa eneo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina haya matatu yalikuwa ramani ya miji yetu kwa muda mrefu, si Dar es Salaam tu bali Tanga, Dodoma, Moshi na kwingineko. Hapo mwanzo yalitaja wakazi: Uzunguni ni pale Wazungu walipokaa. Lakini tazama yaliyotokea baadaye. Wazungu wengi waliondoka, na nyumba zao zikakaliwa na wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wa Kiafrika. Hata hivyo jina halikuondoka nao. Leo mtu wa Kinondoni aweza kumwambia mwenzake kwamba amehamia uzunguni, na wala hapana Mzungu hata mmoja katika mtaa huo. Jina limeachana na watu likabaki na mfano: ua, ukuta, geti, lami, ukimya.

Neno "Mswahili" lilisafiri njia ndefu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, sawahil, maana yake pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilitumia kama jina la nchi. Lilikuwa neno la jiografia tu. Baada ya karne nyingi likawa jina la watu, kisha la lugha, na katika miji ya bara likawa jina la kila aliyeonekana kufanana na mtu wa pwani kwa mavazi, kwa usemi au kwa dini, hata kama kwao ni Tabora au Songea. Hatimaye likawa sifa ya tabia. "Yule ni Mswahili sana" haimaanishi kwamba anatoka pwani. Yamaanisha kwamba maneno yake ni mengi na ahadi zake si za kutegemewa. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: lugha inaheshimiwa kuwa lugha ya taifa, bali jina la mwenye lugha linatumika kama lawama, na mahali pake, uswahilini, pamekuwa jina la fujo, msongamano na maji machafu. Vijana wamelifupisha wakasema "uswazi". Baadhi yao hulitamka kwa aibu, wengine kwa fahari.

Twaona basi kwamba jina linalotokana na mfano halikai mahali pamoja. Huanza kwa kueleza na huishia kwa kuhukumu. Swali la mwanahistoria ni hili: nani aliyelisogeza, na kwa faida ya nani?

2. Mji uliogawanywa kwa mfano wa nyumba

Mji wenyewe ulipata jina kwa mfano. Palikuwapo kijiji cha Mzizima kando ya bahari, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga makao mapya karibu nacho. Maneno ya Kiarabu yaliyochaguliwa yana maana ya nyumba ya salama, na katika Kurani maneno hayo hayo hutaja peponi. Majid alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika. Jina likabaki likiahidi zaidi ya yale ambayo mji uliweza kutoa.

Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huo huo wakatoa kanuni ya ujenzi. Kanuni hiyo yafaa ijulikane na kila anayefanya kazi ya Kanisa katika mji huu, kwa maana mji bado unaishi ndani yake. Iliugawa mji kwa kuangalia aina ya majengo. Upande wa bahari ziliruhusiwa nyumba imara za namna ya Kizungu peke yake. Sehemu iliyofuata ilikuwa ya majengo ya kudumu ya kukaa na kufanyia biashara. Na upande wa ndani ndipo palipoachiwa nyumba za kienyeji, za miti, udongo na makuti. Waingereza, walioutwaa mji mwezi Septemba 1916, waliurithi mpango huo na kuuendeleza katika kanda tatu. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, ambao hata leo twauita Mnazi Mmoja. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kanda hizi hazikulazimika kutaja rangi ya mtu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na ubaguzi wa wazi wa rangi katika sheria ungeleta maswali huko Geneva. Kutaja nyumba kulitosha. Sheria ilisema "jengo la namna ya Kizungu" na "jengo la kienyeji", na matokeo yalikuwa yale yale. Mwafrika mwenye fedha aliweza, kwa maandishi, kujenga upande wa bahari endapo nyumba yake ingefanana na ya Mzungu. Lakini ni wangapi waliokuwa na mshahara wa kujenga mfano huo? Hivyo mfano ukafanya kazi ambayo sheria yenyewe haikutaka kuonekana ikiifanya.

Na nyumba iliyoitwa ya kienyeji, au kama tunavyoiita hadi leo, nyumba ya Kiswahili, ilikuwa nini hasa? Ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vitano. Wageni kutoka Rufiji, Kisarawe, Morogoro na Kilwa walipata malazi humo kwa kodi wanayoiweza. Barazani watu walisalimiana, walicheza bao, walisuluhisha ugomvi, walipokea msiba. Kwa mamlaka za mji, nyumba hiyo ilitajwa kwa yale isiyokuwa nayo: haina mawe, haina bati, si ya kudumu. Kwa wakazi wake ilikuwa shule ya kuishi pamoja, na kwa wajane wengi ilikuwa pensheni. Kitu kimoja, maelezo mawili. Na maelezo yaliyoingia katika kanuni yalikuwa ya yule asiyelala ndani yake.

3. Kutoka kota hadi alama ya X

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulikua haraka. Dar es Salaam ikawa manispaa mwaka 1949. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika Ilala, na katika miaka ya 1950 Magomeni na Temeke nazo zikapangwa kuwa makazi ya Waafrika. Wakazi walizipokea nyumba hizo kwa neno la Kiingereza walilolitohoa, "kota", na jina la Magomeni Kota likakaa mpaka nyumba za zamani zilipobomolewa na majengo ya ghorofa yakajengwa mahali pake. Kuanzia 1956 ofisa mmoja wa serikali, J. A. K. Leslie, aliongoza uchunguzi mkubwa wa maisha ya Waafrika wa mji huu, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1963. Ni ushahidi kwamba wakuu walianza kutambua kuwa hao "wenyeji" walikuwa watu wa namna nyingi, na kwamba neno moja halikutosha kuwaeleza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa jipya lilirithi watu pamoja na msamiati. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya kwanza lilibomoa nyumba nyingi za udongo na makuti katika maeneo kama Magomeni na kujenga za saruji pale pale. Nia ilikuwa njema, nasi hatuibezi. Lakini gharama ilikuwa kubwa, na idadi ya nyumba zilizoongezeka ilikuwa ndogo, kwa sababu nyingi zilichukua tu nafasi ya zile zilizovunjwa. Mwaka 1972 serikali ilibadili mwelekeo: badala ya kubomoa, ikaamua kuyatambua makazi yaliyokwisha kujengwa na kuyapelekea huduma. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapelekewa barabara, maji na huduma nyingine bila wakazi wake kuondolewa wote.

Hapa twapaswa kusimama kidogo. Uamuzi wa 1972 ulikuwa, kwa kimya, uamuzi juu ya jina. Mpaka siku ile Manzese ilitajwa kama kitu kinachofanana na mji lakini si mji. Baada ya hapo ilikubaliwa kuwa ni mji kweli, uliokosa barabara na maji. Tofauti ya maelezo hayo mawili si ndogo. Kitu kinachofanana na mji hubomolewa. Mji uliokosa maji hupelekewa bomba.

Hata hivyo msamiati wa zamani ulirudi kwa sura nyingine. Tukaanza kusikia "makazi holela", "maeneo yasiyopimwa", "ujenzi usiopangwa". Tazameni umbo la maneno hayo: karibu yote ni ya kukanusha. Yanaeleza mahali kwa kulinganisha na mahali pengine palipopimwa, na yanataja upungufu tu. Kwa makadirio ya kawaida zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo ya namna hiyo, katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Tukikubali msamiati huo bila kuuhoji, tutakuwa tumekubali kwamba walio wengi ni kasoro ya walio wachache.

Kuanzia mwaka 2004, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, wakazi wengi wa maeneo hayo walipewa leseni za makazi. Leseni hiyo inafanana na hati ya kumiliki ardhi. Ina muhuri, ina namba, ina jina la mwenye nyumba. Lakini si hati: ni ya muda mfupi nayo hutakiwa kuhuishwa. Wapo waliofaidika nayo, na wapo walioiweka sandukuni wakiamini kwamba sasa wana hati kamili. Hapo twaona hatari ya mfano kutoka upande wa pili: kitu hudhaniwa kuwa kile kinachofanana nacho.

Na mwisho wa safari hii ya majina ni herufi moja. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za bonde la Mkwajuni, Kinondoni, na sehemu nyingine za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Mwaka 2017 zikafuata nyumba za kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, kwa ajili ya upanuzi wa barabara. Kabla ya tingatinga kufika, ukuta ulipakwa rangi nyekundu: X. Nyumba iliyokuwa na jina la mwenyewe, na jina la mtaa, na kumbukumbu za ubatizo na misiba, ikatajwa kwa alama ambayo mwalimu huiweka penye jibu lisilo sahihi.

4. Majina ambayo watu walijipa

Ingekuwa si haki kueleza historia hii kana kwamba wakazi walipokea tu majina waliyopewa. Wao wenyewe walitaja, na walitaja kwa njia nyingine kabisa. Panda daladala kutoka Temeke hadi Mwananyamala, usikilize vituo vinavyoitwa na kondakta. Utasikia miti: Mikoroshini, Mbuyuni, Mkwajuni, Mwembechai. Mikocheni, ambayo sasa wengi huihesabu kuwa uzunguni, ni mahali pa mikoche tu. Utasikia pia watu: Mtoni kwa Aziz Ali, Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa. Na huko Sinza, kwa Remmy, kituo kilichopata jina kwa sababu mwanamuziki Remmy Ongala alikaa karibu nacho. Mzaliwa huyo wa Kongo alifika Dar es Salaam mwaka 1978, na mwishoni mwa maisha yake akageukia nyimbo za Injili. Alifariki Desemba 2010, na kituo bado ni kwake.

Majina hayo hayafananishi. Hayasemi mahali hapa ni kama wapi, wala pamepungukiwa nini. Yasema: hapa pana mkwaju, hapa alikaa fulani. Mti waweza kukatwa na mtu aweza kufa, lakini jina laendelea kushuhudia kwamba mahali pale palikuwa na kitu chake chenyewe na mtu wake mwenyewe. Neno dogo "kwa" linabeba heshima kubwa. Mgeni kutoka mkoani aliyejulishwa kwa fulani ameelekezwa, na papo hapo ametambulishwa.

Hatusemi kwamba njia hii haina kasoro zake. Wanawake wengi waliojenga vitongoji hivi hawakupata kituo kwa jina lao. Lakini kama ni kuchagua mwalimu wa kutaja kati ya kanuni ya 1891 na kondakta wa daladala, tunaona kwamba kondakta amekaribia zaidi kazi aliyopewa Adamu.

5. Kanisa ndani ya historia hii

Je, Kanisa letu lilisimama wapi? Mchungaji Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, akitumwa na chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka uliotangulia. Kutoka pwani kazi ilienea Uzaramo, hadi Kisarawe na Maneromango. Mjini kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1898, mbele ya bahari, lenye mnara na vigae vyekundu kwa mfano wa makanisa ya Ujerumani ya kusini. Ndilo Azania Front, na hata jina hilo limetoka mbali, kwa kuwa Azania ni jina ambalo waandishi wa kale wa Kiyunani waliipa pwani hii.

Kwa kanuni ya ujenzi, kanisa hilo lilisimama katika kanda ya majengo ya namna ya Kizungu. Hatulaumu mawe yake. Vizazi vingi vimebatizwa na kufarijiwa humo. Lakini yafaa tukiri kwamba kwa muda mrefu neno "kanisa" katika fikra za wengi lilikuwa na umbo lile, na kila nyumba nyingine ya ibada ilipimwa kwa kufanana nalo. Sharika nyingi za vitongojini zilianza barazani, katika darasa la shule, au chini ya mwembe uliozungushiwa makuti. Ziliitwa "bado". Bado hazina jengo, bado hazina mnara, bado hazina kinanda. Je, si msamiati ule ule wa maeneo yasiyopimwa? Kwa imani yetu Kanisa ni kusanyiko la waaminio, ambamo Injili yahubiriwa kwa usafi na sakramenti zatolewa ipasavyo. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 7, halitaji vigae. Kusanyiko la chini ya mwembe kule Mbagala, likiwa na Neno na Sakramenti, ni Kanisa kamili. Halifanani na Kanisa, bali ndilo.

Nasi wenyewe tunabeba majina yaliyotokana na kunasibishwa. Wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristo kwanza katika mji wa Antiokia (Mdo 11:26), na yaelekea waliolitamka hapo mwanzo walikuwa watu wa nje. "Mlutheri" nalo lilikuwa jina la dhihaka vinywani mwa wapinzani, na Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliwasihi wafuasi waliache jina lake na kujiita Wakristo tu. Hawakumsikia, na historia imetuachia jina hilo. Basi sisi tunaojua jinsi jina la dhihaka linavyoweza kukombolewa na kuwa ungamo, tusiwe wepesi wa kudhani kwamba mtu wa uswahilini hawezi kulikomboa la kwake.

6. Kutaja jambo jinsi lilivyo

Tuje sasa kwenye mafundisho. Tunaona matatu yanayogusa swali letu.

La kwanza ni fundisho la mfano wa Mungu (Mwa 1:26-27). Hapa Maandiko yenyewe yanamweleza mwanadamu kwa kufananisha. Lakini angalieni anafananishwa na nani. Mzaramo hafafanuliwi kwa kulinganishwa na Mzungu, wala wa Tandale kwa kulinganishwa na wa Masaki. Kila mmoja anaelezwa moja kwa moja kwa uhusiano wake na Muumba. Mfano huo haupangi watu katika kanda tatu, kwa sababu hakuna aliye karibu nao zaidi kwa ajili ya bati au saruji. Anayempima jirani yake kwa mfano wa mtu mwingine amemweka mtu huyo mahali pa Mungu.

La pili ni onyo juu ya mfano wenyewe. Mababa wa Mtaguso wa Lateran wa mwaka 1215 walifundisha kwamba kila tunapotaja kufanana kati ya Muumba na kiumbe, hatuna budi kukumbuka kwamba tofauti ni kubwa zaidi. Bwana wetu aliufundisha ufalme wa mbinguni kwa mifano. Mathayo 13 peke yake ina saba. Haikutosha mbegu, wala chachu, wala lulu, wala juya. Kila mfano ulisaidia na kila mmoja ulihitaji mwenzake, wala hakuna uliogeuzwa kuwa sheria. Ikiwa ni hivyo kwa ufalme, si zaidi kwa Manzese? Anayeijua kwa mfano mmoja tu, yaani msongamano, hajaijua.

La tatu ni la Luther katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, hoja ya 21. Huko anawatenganisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba kwa jinsi wanavyotaja mambo. Wa kwanza huvutwa na kile kinachong'aa, hata mabaya akayaita mema. Wa pili, kwa kuwa amemwona Mungu katika aibu ya msalaba, anaweza kutaja jambo jinsi lilivyo. Tunaamini hapa pana kiini cha wajibu wetu. Kutaja jambo jinsi lilivyo si kulipamba. Bonde la Msimbazi ni bonde, na maji yake yameua. Mchungaji anayewaambia washarika wake kwamba hakuna hatari anawadanganya. Lakini mtu akaaye bondeni ni raia, mwenye jina na mara nyingi mwenye risiti za kodi aliyoilipa, na anayemwita "mvamizi" bila kuuliza alifikaje pale amesema uongo pia. Ukweli wa kwanza hauondoi wa pili. Mwanateolojia wa msalaba huyabeba yote mawili.

Katekisimu Ndogo ya 1529 inatupa kipimo cha kila siku. Katika maelezo ya amri ya nane Luther haridhiki tu na kutokusema uongo. Ataka tulitetee jina la jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Watoto wetu wa Kipaimara huyakariri maelezo hayo kila mwaka. Je, tumewahi kuwauliza yanahusu nini neno "uswahilini" wanapolitamka? Na sisi walimu, tumesikia mara ngapi mwanafunzi akisimulia kupangiwa mtaa wa vitongojini kana kwamba amepewa adhabu, nasi tukacheka pamoja naye?

Hitimisho

Tumeona jinsi kanuni ya mwaka 1891 ilivyoufanya mfano wa nyumba kuwa kipimo cha mtu, jinsi kipimo hicho kilivyopita katika tawala tatu kwa maneno tofauti, na jinsi wakazi wenyewe walivyoendelea kutaja mahali pao kwa miti na kwa watu. Yako mambo machache ambayo sharika na vyuo vyetu vyaweza kuyatenda bila kungoja bajeti. Wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wapewe kazi ya kuandika historia ya jina la mtaa wanaotumikia, kutoka kwa wazee wenyewe, kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa. Taarifa za sharika ziache kueleza mitaa mipya kwa upungufu wake peke yake. Ziandike kwanza ni nani wanaokusanyika na wanatenda nini. Wachungaji wajifunze tofauti ya leseni na hati, ili mjane akiuliza apate jibu la kweli. Na pale alama nyekundu inapopakwa ukutani, mchungaji au mwinjilisti awe amekwisha kujua jina la anayeishi ndani, awe tayari kulitamka mbele ya mamlaka, kwa heshima na bila woga.

Mchungaji Mwema, asema Yohana, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yn 10:3). Hawaiti kwa kufanana kwao na kondoo wa zizi jingine. Wanaotumwa kuchunga kwa niaba yake huko Temeke na Kinondoni wana kazi hiyo hiyo, nayo huanza kwa kujifunza majina.